Selotepu, Majani Makavu na Sabuni ya Vyombo

Stori ya grafini inayopendwa ni ile ya selotepu. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester walitangaza kwamba wamebandua grafaiti, ile nyeusi ya penseli, mpaka ikabaki tabaka yenye unene wa atomu moja. Mwaka 2010 wakapata Nobeli. Tamu, lakini mimi huvutiwa zaidi na swali lililobaki: ukishazibandua, utazizuiaje zisirudiane? Tabaka hizi zinapendana, bana. Zitie majini, zitashikana na kuzama kama mashapo ya kahawa. Na zikizama, hakuna wino wala rangi.

Swali lenyewe ni la kale. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani Edward Acheson alikuwa akitafuta udongo imara wa vyungu vya kuyeyushia metali. Akakumbuka kitabu cha Kutoka: Farao akiwanyima Waisraeli majani makavu ya kufyatulia matofali. Hayo majani yalikuwa na kazi gani hasa? Akayachemsha, akachanganya maji yake na udongo. Ukawa imara zaidi, tena chembe zake zikaelea majini bila kutua. Tanini, ile inayokausha ulimi ukinywa strungi kali, ilifanya vivyo hivyo. Kufikia 1907 alikuwa ameielekeza kwenye unga wa grafaiti, akapata Aquadag. Zile TV za kichogo tulizokua nazo? Kioo chake kilipakwa hiyo kwa ndani.

Vipande vya Acheson vilikuwa bado vinene. Mwaka 2008, Jonathan Coleman na wenzake wa Trinity College, Dublin, wakatumia mawimbi ya sauti na kimiminika kiitwacho NMP, ambacho huishika grafini karibu sawa na grafini inavyojishika yenyewe, kwa hivyo tabaka hazina haraka ya kurudiana. Lakini walipata miligramu kama 10 tu kwa lita, na NMP inaweza kudhuru mtoto aliye tumboni.

Mwaka 2014 kundi hilohilo likaonyesha kwamba hata blenda ya jikoni, maji na sabuni ya vyombo vinaweza. (Usiguse blenda ya mamako, tafadhali.) Sabuni hukishika kila kipande na kukipa chaji ileile, basi vinasukumana. Shida ni kwamba wino ukikauka, sabuni hubaki katikati ya vipande na kuukwamisha umeme, kwa hivyo lazima ioshwe.