Blanketi la bibi na ushauri wa nesi: nani alikuwa sahihi?

Kwenye kipindi kilichopita tulicheka sana kuhusu mabibi na mablanketi. Mnajua wenyewe. Mtoto amezaliwa Leicester au Barking, hita zinawaka tangu asubuhi, na bado bibi anatoka safari na lile blanketi zito la manyoya lenye picha ya chui, lililonunuliwa Dubai kwa ajili ya mjukuu. Mama mtoto anasema nesi amekataza. Bibi anajibu, “Wewe nilikulea na nesi gani?” Basi, mazungumzo yamekwisha. Mmoja kanuna, mwingine kalificha blanketi kabatini.

Baada ya kicheko kuna swali ambalo hatukulijibu: huu ushauri wa nesi umetoka wapi? Ni wa tangu zamani? Jibu fupi ni hapana. Ushauri huu, kwa sura tunayoijua leo Uingereza, ulianza mwaka 1991. Yaani wengi wa wazazi wetu ni wakubwa kuliko huo ushauri. Na kabla yake, kwa zaidi ya miaka 30, wataalamu wa nchi hizi waliwaambia akina mama kitu kinyume kabisa, na watoto wengi wakafa. Ndiyo maana nimeona niandike, maana hii si hadithi ya daktari anayejua na bibi asiyejua.

Kifo kisicho na jina

Mtoto mzima, hana homa wala kikohozi cha kutisha, analazwa usiku. Asubuhi hayupo tena. Jambo hili ni la kale mno. Katika Biblia, wale wanawake wawili waliomwendea Suleiman wakigombania mtoto, kisa chao kinaanza hapo hapo: mtoto wa mmoja amekufa usiku, na inasemwa kwamba mama yake alimlalia.

Kwa karne nyingi hayo ndiyo yalikuwa maelezo: mama amemlalia. Uingereza ikaingiza jambo hilo hata kwenye sheria. Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 iliruhusu kumshtaki mtu mzima aliyeingia kitandani amelewa, akalala na mtoto wa chini ya miaka 3, na mtoto akakosa pumzi akafa. Wapo waliokuwa walevi kweli, lakini minong’ono iliwafuata hata wasioonja tone.

Mwaka 1969 wanasayansi walikutana Seattle, Marekani, wakakubaliana kulipa jambo hili jina la kitabibu: kifo cha ghafla cha mtoto mchanga. Miaka miwili baadaye, 1971, likaanza kukubalika kwenye vyeti vya vifo England na Wales. Jina halikueleza sababu, lakini lilifanya jambo moja kubwa: lilimwondoa mama kizimbani.

Kulala kifudifudi

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Benjamin Spock, alitoa kitabu cha malezi kilichouzwa mamilioni ya nakala. Kuanzia katikati ya miaka ya 1950, matoleo yake yalishauri mtoto alazwe kifudifudi. Sababu zilisikika za busara: akilala chali anaweza kutapika na kupaliwa, tena kisogo chake kitakuwa bapa. Baadaye hospitali ziliona kwamba watoto njiti wenye shida ya kupumua walipata nafuu wakilazwa kwa tumbo, na desturi ya wodini ikawafuata hata watoto wenye afya hadi nyumbani. Waingereza wengi wakafuata.

Hapo hapo nyumba nazo zikaanza kubadilika. Nyumba ya Kiingereza ya zamani ilikuwa na moto wa makaa sebuleni, chumba cha kulala kikabaki kama friji. Kumfunika mtoto kwa blanketi juu ya blanketi ilikuwa ni akili. Halafu hita za nyumba nzima zikaanza kuenea. Mwaka 1964 duka la Habitat likafunguliwa London na kusaidia kuwazoesha Waingereza duveti, ambalo kabla ya hapo wengi walilihesabu kuwa ni kitu cha Ulaya ya bara. Vyumba vikapata joto, matandiko nayo yakazidi kuwa ya joto. Ila mkono wa mzazi ulikuwa umezoea idadi ile ile ya tabaka.

Sasa fikiria mwili wa mtoto. Kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na akishafungwa nguo na blanketi, kichwani na usoni ndipo joto lake linapotokea. Mlaze kifudifudi, uso kwenye godoro, mfunike vizuri, washa hita usiku kucha. Umeziba dirisha lake la kupoa.

Jambo lililowachanganya watu ni kwamba vifo hivi viliongezeka majira ya baridi. Kila mtu akaona jibu liko wazi: baridi inaua, mfunike zaidi. Na akipata mafua kidogo, ndiyo kabisa, ongeza blanketi. Kumbe dawa waliyokuwa wakiongeza ilikuwa sehemu ya tatizo.

Mwaka 2005 watafiti walipitia tafiti zote za zamani na kusema neno zito: ushahidi kwamba kulala kifudifudi ni hatari ulikuwa tayari unaonekana kufikia 1970. Kama ungekusanywa na kusikilizwa wakati ule, wanakadiria, vifo zaidi ya 10,000 Uingereza peke yake vingeepukika.

Bristol, New Zealand na mama wa kwenye TV

Waliofungua macho hawakutoka sehemu moja. Mwaka 1985 daktari mmoja wa Hong Kong aliandika kwamba kule vifo hivi ni nadra, ingawa watu waliishi kwa kubanana. Alitaja pia kwamba desturi yao ni kuwalaza watoto chali. Uholanzi ikabadilisha ushauri wake mwaka 1987. New Zealand, iliyokuwa na vifo vingi, ikafanya utafiti mkubwa.

Na Bristol, daktari wa watoto Peter Fleming na wenzake wakafanya kitu kilichoonekana kidogo sana: walihesabu matandiko. Mtoto alivaa nini, alifunikwa na nini, tabaka ngapi, hita iliwashwa hadi saa ngapi. Walipima kwa togi, kipimo cha jinsi nguo inavyozuia joto, kilichobuniwa na watafiti wa pamba wa Manchester miaka ya 1940. Jina lenyewe linatokana na neno la mitaani la Kiingereza la nguo. Matokeo yao, ya mwaka 1990, yalionyesha kwamba watoto waliokufa walikuwa wamelazwa kifudifudi mara nyingi zaidi, wamefunikwa mno zaidi, na hita zao ziliachwa usiku kucha zaidi ya wenzao walio hai.

Julai 1991 mtangazaji maarufu wa TV, Anne Diamond, alimpoteza mtoto wake wa miezi 4. Alisafiri hadi New Zealand kuona walichokigundua, akarudi akaibana serikali. Desemba mwaka huo kampeni ikaanza nchi nzima: mlaze chali, usimtie joto kupita kiasi, usivute sigara karibu naye. Mwishoni mwa miaka ya 1980, England na Wales zilikuwa zikipoteza zaidi ya watoto 1,000 kwa mwaka namna hii. Ndani ya miaka michache idadi ilishuka kwa zaidi ya nusu. Hakuna dawa mpya iliyotolewa wala mashine iliyonunuliwa. Watoto waligeuzwa tu, wakapunguziwa blanketi.

Na kwetu je?

Hapa ndipo mnaponisubiri. Kwetu, kama nilivyosimuliwa na wakubwa wa upande wa mama na wa baba, mtoto alilazwa chali, karibu na mama, kwenye kitanda kigumu, akafunikwa kanga. Kitabu cha Spock hakikufika. Bibi alikuwa akimgeuza kichwa mara huku, mara kule, ili kisogo kikae vizuri. Bila kipimo chochote, mtoto alikuwa amelala vile ambavyo Bristol ilikuja kupendekeza.

Uingereza penyewe tafiti zimeonyesha kitu kama hicho. Bradford, familia zenye asili ya Asia Kusini zimekuwa na vifo hivi vichache kuliko familia za Waingereza weupe, ingawa nyingi ni za kipato cha chini. Watafiti wanataja mambo kama mtoto kulala chumba kimoja na mama, kunyonyeshwa, na mama kutovuta sigara wala kunywa pombe. Ni mambo ambayo nyumba zetu nyingi zinayajua.

Kwa hiyo bibi ameshinda? Subirini kwanza.

Mnalijua neno *baridi* lilivyo kwa wazee wetu. Si hali ya hewa tu, ni kitu kinachoingia mwilini. Mzazi anakaa siku 40, anaoga maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, yote ili baridi isimwingie. Mtoto naye hivyo hivyo: “Mfunike!” Lakini angalia neno hilo lilimaanisha nini Mombasa au Unguja, ambako hata usiku wa Julai kwa kawaida haushuki chini ya digrii 20. Mfunike maana yake kanga. Pamba nyepesi, tabaka moja, hewa inapita.

Familia zikahama. Neno likasafiri kama lilivyo, ila kanga ikageuka blanketi la manyoya, kofia ya sufi na soksi mbili ndani ya chumba chenye hita. Bibi anasema maneno yale yale aliyoambiwa na mama yake, lakini nguo siyo ile na nyumba siyo ile.

Na Waingereza walipatwa na jambo lile lile. “Mfunike vizuri” ilikuwa nasaha nzuri kwenye chumba baridi. Hita zikaja, nasaha ikabaki. Mimi naona hilo ndilo somo la historia hii: kila ushauri una nyumba yake. Ukihama nyumba, au nyumba ikibadilika, uulize upya.

Nyumba yetu ya leo

Basi, ya nyumba zetu ni haya. Chumba kiwe kati ya digrii 16 na 20. Kwa wazee wetu hiyo ni baridi kali, ndiyo maana tunabishana. Mtoto alazwe chali kila mara, kwenye godoro gumu na tambarare, bila mto, bila duveti, na bila kofia ndani ya nyumba. Mwanzoni kampeni iliruhusu pia ubavu, baadaye ikaonekana anaweza kubiringika kifudifudi, ukaondolewa. Ukitumia blanketi, liwe jepesi, lisipande juu ya mabega, lichomekwe vizuri, na miguu yake iguse mwisho wa kitanda ili asiteleze chini yake. Blanketi likikunjwa mara mbili, hesabu ni mawili.

Ukitumia mfuko wa kulalia, usiongeze blanketi, na shingo ya mfuko isiwe pana kiasi cha kichwa kuzama. Togi 2.5 ni za chumba cha digrii 16 hadi 20. Kikiwa cha joto zaidi, chukua togi 1 au pungufu. Wenzetu wa Maskati na Dubai, baridi yenu inatoka kwenye AC, kwa hiyo tazameni kipimajoto cha chumbani, si jua la nje.

Bibi akishika vidole vya mtoto na kusema amekuwa barafu, mwambie kwa adabu aguse kifua au nyuma ya shingo. Mikono na miguu ya mtoto mchanga huwa ya baridi, ni kawaida. Shingo ikiwa na jasho, punguza tabaka moja.

Jambo la mwisho, na ni zito. Kwenye familia nyingi kuna mtoto aliyeondoka hivi, na kuna mama aliyenong’onwa kwa miaka. Wengine walikuwa hapa hapa Uingereza miaka ya 70 na 80, na walimlaza mtoto kifudifudi kwa sababu kliniki iliwaambia hivyo. Walitii ushauri bora waliopewa. Kama yupo mama, shangazi au jirani kama huyo maishani mwako, na bado anajilaumu, sasa unayo historia ya kumsimulia. Msimulie kwa Kiswahili.