Pepinyeri ya nyumbani: tayarisha miche mbele mvua ya mwezi wa tisa ianze

Kwetu mwaka wa mkulima unaanza siku mvua inarudi. Katika Kivu zote mbili, kwa kawaida inarudi mwezi wa tisa, na ndiyo inafungua sezoni A. Sezoni B inaanza mwezi wa pili ao wa tatu. Sezoni C ni ya mabonde yenye maji, wakati wa kiangazi.

Lakini mboga haifuati mvua sawa maharagwe. Haragwe unaiweka ndani ya udongo siku mvua imenyesha, basi. Shu, tomati, biringanya, kitunguu na poaro vinaomba wiki nne mpaka nane ndani ya kitalu, ama pepinyeri jinsi wengi tunaita. Mtu anayengoja mvua ndipo atafute mbegu, atapandikiza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, wakati mvua imekuwa nzito na soko limejaa mboga ya wengine. Mwenye kumwaga mbegu katikati ya mwezi wa nane, akinyeshea na bido moja tu kwa siku, iko na miche tayari mvua inapofika.

Tarehe hizo si za kila mahali. Bunia kiangazi kikubwa ni kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili, kwa hiyo pepinyeri yake inaanza mwezi wa pili. Kalemie mvua inangojewa kuelekea mwezi wa kumi. Uvira na bonde la Ruzizi ni joto na mvua ni kidogo; huko mwenye maji ya mfereji karibu anaweza kulima tomati na kitunguu hata wakati wa jua. Hesabu ni ileile kila mahali: tafuta siku unayotaka kupandikiza, kisha rudi nyuma wiki tano kwa shu na tomati, wiki saba ao nane kwa kitunguu.

Jaribu mbegu kwanza

Hasara kubwa ya bustani inaingia mlangoni pamoja na mbegu. Sokoni wauzaji wengi wanafungua kopo, wanauza kwa kijiko ndani ya sashe ndogo isiyo na jina wala tarehe. Si kosa, maana familia haina haja ya kopo nzima. Lakini omba kuona kopo lenyewe. Soma tarehe. Tazama kama lina etiketi ya SENASEM, idara ya serikali inayopima na kuthibitisha mbegu. Na kama kopo linashinda juani juu ya meza kutoka asubuhi mpaka jioni, tafuta muuzaji mwingine: joto linaua mbegu ingawa tarehe bado ni nzuri.

Mbele ya kumwaga, jaribu. Chukua mbegu 20, zipange juu ya kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke ndani ya sashe na ukiache jikoni mbali kidogo na moto. Usiache kikauke. Lenga-lenga inachipuka siku ya tatu mpaka ya tano, shu siku ya nne mpaka ya saba, tomati wiki moja hivi, kitunguu siku kumi ao zaidi. Zikichipuka 16 na kuendelea, mbegu ni nzuri. Kati ya 10 na 15, mwaga nyingi zaidi. Chini ya 10, usipotezee udongo, maji na wiki tano za kungoja.

Kitunguu ndicho kinadanganya watu sana. Mbegu yake inachoka haraka. Ile ya mwaka uliopita mara nyingi haioti vizuri. Ya tomati, ikikaa pakavu, inaweza kuvumilia miaka minne.

Mbegu iliyoandikwa F1 inazaa sana, lakini usitoe mbegu ndani ya matunda yake: mwaka unaofuata utapata mimea isiyofanana. Tomati ya kienyeji unaweza kuitunzia mbegu mwenyewe. Chagua tunda la mche uliobakia mzima shambani, usitazame tunda kubwa la sokoni. Kamua mbegu na maji yake ndani ya kikombe, acha siku mbili ao tatu mpaka ule utelezi uachie, osha, anika juu ya sahani kivulini. Ukianika juu ya karatasi zitanata. Lenga-lenga ni rahisi zaidi: acha miche mitatu ikomae, kata vichwa, pigapiga juu ya kitambaa. Mbegu zote zikauke kabisa, kisha chupa iliyofungwa vizuri. Kwa shu ni vigumu, juu inaomba baridi nyingi ili itoe maua. Wakulima wa milimani wanakata kichwa, wanaacha kisiki, na machipukizi yanayotoka wanayapanda tena.

Kitanda cha miche

Meta moja ya mraba inatosha nyumba moja. Gramu moja ya mbegu ya shu ao ya tomati iko na mbegu 250 mpaka 300, na familia haipandi shu 300. Kosa tunaloona kila mwaka ni kumwaga sashe nzima mahali padogo.

Changanya udongo wa juu sehemu tatu, mbolea iliyooza sehemu mbili, mchanga sehemu moja. Mbolea ya mbuzi, ya ngombe ao ya kuku ikiwa bado inanuka na ina joto, itaunguza mizizi. Ingoje miezi miwili ao mitatu. Udongo mwekundu wa milima ya Bukavu mara nyingi ni mkali, na majivu ya kuni, konzi mbili kwa meta ya mraba, yanausaidia. Mwagia kitanda maji yanayochemka, acha kipoe siku nzima: hiyo inaua wadudu na sehemu ya magonjwa.

Chora mistari kwa kidole, sentimeta 10 kati ya mstari na mstari, kina chini ya sentimeta moja. Weka mbegu moja-moja. Funika na udongo laini, kisha nyasi kavu. Nyasi hizo unaziondoa siku ile unaona kichwa cha kwanza kimetoka. Siku hiyohiyo, si kesho, maana mche uliokosa mwanga siku mbili unarefuka, unakuwa mweupe na kuanguka.

Baada ya nyasi kunakuja kivuli: miti minne na majani ya mgomba ao ya mawese juu yake, kimo cha meta moja, upande wa mashariki ukiwa juu zaidi ili jua la asubuhi liingie. Kila wiki punguza majani. Wiki ya mwisho miche ikae juani bila kivuli, na maji upunguze, izoee maisha ya shambani.

Miche inaanguka usiku

Kuna magonjwa mengi, lakini ndani ya pepinyeri mawili ndiyo yanamaliza kazi ya watu, na wengi wanayachanganya.

La kwanza, shina linakuwa jembamba na jeusi pale linapogusa udongo, mche unalala, na kesho yake jirani zake nao. Ni kuoza, na kunaletwa na maji mengi na miche iliyobanana. Ng'oa iliyolala pamoja na udongo wake, acha kumwagilia siku moja ao mbili, fungua kivuli hewa ipite, punguza iliyobaki. Kutoka hapo, mwagilia asubuhi tu, usimwagilie jioni. Kuongeza maji juu miche imelegea ndiko kunakomaliza kitanda chote.

La pili, shina limekatwa safi, sawa kwa wembe. Huyo ni mdudu, kiwavi mnene wa rangi ya udongo anayekula usiku na kujificha mchana. Chimbua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, utamkuta amejikunja, sentimeta mbili ao tatu chini. Muue. Mizunguko miwili ya asubuhi na mapema inatosha kitanda cha nyumbani, bila kununua dawa.

Dawa za sumu zinauzwa zimepunguzwa ndani ya chupa za maji bila maandishi. Hatushauri kabisa chupa hiyo nyumbani kwenye watoto. Na mbegu yenye rangi nyekundu ao ya bluu imepakwa dawa: hailiwi, wala kuku hapewi, na mikono inaoshwa.

Kupandikiza

Mche wa shu ao wa tomati uko tayari ukiwa na majani manne ao matano ya kweli, unene wa kalamu. Kitunguu kikiwa na unene wa mrija wa fanta. Mwagilia kitanda vizuri, ngoja saa moja, inua na udongo wake kwa kijiti. Fanya kazi jioni ao siku ya mawingu. Shu sentimeta 40 mpaka 50, tomati 50 kwa 70, kitunguu 10 kwa 15, lenga-lenga 20. Mche wa tomati unaweza kuzikwa mpaka karibu na majani ya kwanza, shina litatoa mizizi mipya. Shu, usifunike moyo wake.

Kuhusu tomati tuseme ukweli. Katika milima ya Bukavu, Lubero ao Masisi, tomati ya mvua kubwa mara nyingi inaliwa na mildiu: madoa ya kahawia kwenye majani, kisha matunda yanaoza mabichi. Kama pesa yako ni ya mche mmoja tu, panda shu ao poaro sezoni A, na tomati ipange imalizike wakati wa jua. Ukiishikilia, ifunge kwenye mti, toa majani yanayogusa chini, iweke mbali na viazi vya mviringo (ni ugonjwa mmoja), na ukiweza iweke chini ya ukingo wa paa.

Tomati ikinyauka ghafla ingali kijani, kata shina na uning'inize kipande ndani ya glasi ya maji masafi. Ukiona uzi mweupe sawa maziwa unashuka, ni bakteria ya udongo. Hakuna dawa. Ng'oa, choma, na mahali pale usirudishe tomati, viazi, biringanya wala pilipili kwa miaka kadhaa. Weka mahindi, kitunguu ao shu.

Bila kiwanja

Goma sehemu nyingi ni jiwe la volkano. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilifunika sehemu ya mji. Huko, na kwa wanaopanga nyumba ao waliohamishwa na vita, gunia ndilo shamba. Simamisha bati ao bomba la mgomba lililotobolewa katikati, lijaze mawe madogo, zungusha udongo uliochanganywa na mbolea, kisha uchomoe bomba: nguzo ya mawe inapitisha maji mpaka chini. Juu panda shu nne, pembeni toboa matundu 20 mpaka 30 ya lenga-lenga ao matembele. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa, ya sabuni hapana.

Gunia lina faida ambayo shamba halina: mwenye nyumba akikufukuza, ao ukilazimika kuondoka, unaweza angalau kung'oa miche na kubeba mbegu. Kwa sababu hiyo asiyejua atakaa mahali kwa muda gani aanze na lenga-lenga, inayovunwa siku 30 hivi baada ya kumwagwa, wala asianze na kitunguu cha miezi mitano. Na asimwage mbegu zote siku moja. Kijiko cha nusu leo, kingine baada ya wiki mbili, na kingine kibaki ndani ya chupa.