Legend of the Seeker (utazamaji wake Kyela)

Legend of the Seeker ni tamthilia ya Kimarekani ya upanga na uchawi iliyotokana na riwaya za Terry Goodkind (1948–2020), mfululizo wa The Sword of Truth ulioanza mwaka 1994 na Wizard's First Rule. Ilipigwa picha New Zealand na kurushwa kuanzia Novemba 2008 hadi Mei 2010, misimu miwili, vipande 44. Afrika Mashariki tamthilia za aina hii zilienea sana kwa DVD za mtaani, na kwa njia hiyo zikaingia vibanda vya video vya vijijini, vikiwemo vya Wilaya ya Kyela na kata zake kama Ngonga, karibu na Ziwa Nyasa.

Kisa ni cha Richard, kijana wa msituni anayekabidhiwa upanga ili amwangushe mtawala dhalimu, Darken Rahl. Riwaya na tamthilia zinaachana kwenye undugu. Kitabuni Rahl ni baba mzazi wa Richard. Kwenye tamthilia ni kaka yake, baba mmoja. Tofauti hiyo si ndogo: kumuua baba na kumuua kaka ni makosa mawili tofauti, na kwa maoni ya mwandishi huyu kitabu ndicho chenye uchungu zaidi.

Kibandani watu hubanana kwenye mabenchi, pazia limeshushwa mlangoni kuzuia mwanga, na filamu inayopendwa kuliko zote ni iliyotafsiriwa. Mtafsiri mmoja hupunguza sauti ya asili, akasema maneno ya wahusika wote, wanawake kwa wanaume, akaongeza maelezo na utani wake. Aliyeipa kazi hiyo jina Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, wa Dar es Salaam. Mizizi ya kazi hiyo ni mirefu zaidi: mwaka 1935 hadi 1937 mradi wa sinema wenye makao yake Vugiri, Tanga, ulizungusha filamu kwa lori katika Tanganyika na nchi jirani, maelezo yakitolewa kwa lugha za wenyeji. Mtafsiri mzuri ni msimulizi kamili, wala hastahili kuhesabiwa kuwa kivuli cha filamu.

Mchawi mwema Zedd, anayemlinda Richard, hana ugeni Unyakyusa, nchi ya Wanyakyusa ambayo Kyela ni sehemu yake. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huko miaka ya 1930, waliandika kuhusu abamanga, watetezi wa kijiji walioaminika kuwaona wachawi usiku na kupambana nao kwa nguvu ya asili ileile, ila kwa ajili ya ulinzi. Kuhusu uchawi unaoua na uchawi unaokinga, mtazamaji aliyelelewa na simulizi hizo anaanza mbele ya Mmarekani.

Msimu wa pili uliegemea riwaya ya pili, Stone of Tears, kisha utayarishaji ukasimama. Goodkind alikuwa ameshaufikisha mkondo mkuu wa hadithi mwisho kwa riwaya ya 11, Confessor, mwaka 2007.