Buyi ilitoka wapi kabla ya kufika kambini



Juzi dada yangu alitaka kuuza unga wa mtoto, ule wa kupikia uji. Akasema, "Huu ni unga wa wakimbizi, wazee wetu hawakuujua. Halafu unakula kuni." Sikumjibu, maana kuni kweli hatuna. Lakini neno lile lilinikaa kichwani.

Nikamwendea bibi. Yeye ni wa Uvira, alikuja huku Nyarugusu 1996 kambi ilipofunguliwa. Bibi anasema buyi ni ya mtama, uliosagwa kwenye jiwe, basi. Hiyo ya mahindi kwake ni ya watoto wa shule. Kwa sehemu ana haki. Mtama na ulezi ni nafaka za Afrika hii hii: mtama ulianza kulimwa upande wa Sudan, ulezi kwenye milima ya Ethiopia na Uganda, maelfu ya miaka iliyopita.

Mahindi je? Jina linataja Uhindi, kumbe yametoka Mexico! Wareno ndio waliyaleta pwani za Afrika miaka ya 1500, yakapanda bara polepole kupitia njia za biashara. Hata muhogo wa bugali yetu ni mgeni, umetoka Amerika ya Kusini. Nilipomwambia bibi hilo la muhogo alicheka, hakuamini mpaka leo.

Sasa huo unga wa kambi. 1966 Marekani ilianza kutuma nje msaada wa unga wa mahindi, soya na maziwa ya unga. Baadaye maziwa yakatolewa, ikabaki mahindi na soya pamoja na vitamini na madini. Ndiyo hiyo CSB. Soya nayo asili yake China. Na nyumbani Kivu mama zetu walishachanganya vilevile: mahindi, soya na sorgho, wakaita masoso. Kwa hiyo dada alikosea, wazo la kuchanganya tulikuwa nalo.

Ila kuhusu kuni, hapo nilikaa naye jikoni. Alikuwa anachemsha karibu nusu saa kama unga wa kawaida. CSB imeshapitishwa kwenye moto kiwandani. Unachukua unga gramu 40, kama vijiko vinne vikubwa vilivyojaa, na maji safi ya baridi gramu 250, kikombe kimoja kikubwa. Koroga kwanza kwenye maji ya baridi, usimwage unga kwenye maji yanayochemka, utapata madonge. Weka motoni, koroga bila kuacha, ikianza kuchemka punguza moto. Dakika 5 mpaka 10, toa. Mpe mtoto ingali ya uvuguvugu, usiiweke mpaka jioni.

Asubuhi ile tulitumia vijiti vitatu tu. Dada akaonja, akasema bado inanuka soya. Mtoto alimaliza kikombe. Mfuko haujauzwa, umefungwa kwa kamba juu ya kitanda, na bibi ameshaomba aonje na yeye.