Msafiri Masikini Ajapokuwa Sultani

Watu wa pwani wana maneno mawili kwa nchi za mbali. La kwanza ni Ulaya, lililotokana na neno la Kiarabu wilaya, yaani eneo lenye mtawala wake. Ni neno lenye harufu ya mamlaka. La pili ni ughaibuni, ambalo asili yake ni ghaibu, yaani jambo lililofichika lisiloonekana kwa macho. Msafiri huagwa kwa neno la kwanza, lakini maisha yake huko huwa ya neno la pili: waliobaki hawayaoni, na kwa kuwa hawayaoni huyajaza yale wanayoyatamani. Huamini kwamba aliyefika amepata. Kwamba heshima aliyokuwa nayo kwao imemtangulia huko. Kwamba akitaka kurudi mlango uko wazi. Na kwamba akinyamaza, basi amesahau. Dhana hizi si za leo. Historia ya Unguja na mrima yaonyesha zilivyojengeka, na ni nani walioilipa gharama yake.

Mwezi wa Juni mwaka 1875 Sayyid Barghash bin Said aliwasili London akiwa mgeni wa serikali ya Uingereza, miaka miwili baada ya kutia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari. Alipokewa kwa taadhima anayostahiki mfalme. Alialikwa karamuni, akaonana na Malkia Victoria, akatembezwa kuonyeshwa fahari ya dola ile. Katibu wake, Zahir bin Said, aliziandika khabari za safari hiyo, na baadaye zikachapwa kitabu kwa lugha ya Kiarabu. Miaka iliyofuata mji wa Unguja ukapata maji ya mifereji yaliyoletwa kutoka chemchemi za nje ya mji, na mwaka 1883 ikakamilika Beit al-Ajaib, jumba la nguzo za chuma lililowashangaza wenyeji na wageni. Mtu asiyewahi kuvuka bahari aliweza kusimama Forodhani akaitazama nyumba ile na kujiambia kwamba sasa ameiona Ulaya.

Katika siku hizo hizo alikuwapo London mtoto mwingine wa Sayyid Said bin Sultan, naye hakualikwa karamuni. Huyo ni Sayyida Salme, dada yake Barghash kwa baba, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844. Alisafiri kutoka Ujerumani kwa tamaa moja tu: kuonana na kaka yake na kusuluhishana naye. Sir Bartle Frere, mjumbe yule aliyekuwa amepelekwa Unguja kuushughulikia mkataba wa 1873, alimshawishi aiache nia yake, akimpa ahadi kwamba watoto wake watasaidiwa. Salme alikubali, akarudi Ujerumani bila kuuona uso wa kaka yake. Ahadi ile haikutimizwa.

Wahenga walisema: msafiri masikini, ajapokuwa sultani. London ya mwaka 1875 ilikuwa kana kwamba inaikanusha methali hiyo kwa kaka na kuithibitisha kwa dada. Lakini Barghash hakuwa msafiri kwa maana waliyoikusudia wahenga. Alikwenda na usultani wake, akarudi nao. Msafiri ni yule anayefika na nafsi yake tu, akalazimika kuuliza njia, kutafuta kodi ya nyumba na kujifunza upya namna ya kuomba chumvi. Safari ya mmoja iliandikiwa kitabu, na ya mwengine ikabaki ghaibu. Nayo picha ya Ulaya iliyokaa vichwani mwa watu ikafuata safari ya mwenye kitabu.

Maisha ya Salme yanafaa kutazamwa karibu zaidi. Aliondoka Unguja mwezi wa Agosti 1866 katika manowari ya Kiingereza, akiwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Kijerumani. Aden alibatizwa kwa jina la Emily, akaolewa siku hiyo hiyo, mwaka 1867. Mtoto wake wa kwanza alikufa mdogo. Hamburg alifika bila ya kujua lugha ya mji. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alipata ajali ya gari la farasi la reli, akafa, akamwachia watoto watatu, wa mwisho akiwa bado mchanga. Binti wa mtawala wa Unguja na Oman, ambaye hakuwahi kuuliza bei ya kitu, akaanza kuhesabu senti. Alihama mji baada ya mji: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Alifundisha Kiarabu ili watoto wale.

Kwa Unguja, hata hivyo, yeye alikuwa mtu aliyeiacha dini na nasaba akaifuata Ulaya, na aliyeifuata Ulaya alidhaniwa kuwa ameipata. Mwaka 1885 alirejea kwa mara ya kwanza, akiwa ndani ya msafara wa meli za Kijerumani. Miezi michache nyuma Carl Peters alikuwa amejipatia mikataba bara, na Bismarck alizituma meli hizo kumshurutisha Barghash ayatambue madai ya Ujerumani. Dai la urithi la Salme lilikuwa karata mkononi mwa wengine. Watu wa mjini walijitokeza kumwamkia. Kaka yake hakumpokea. Ilipokwisha haja ya wakubwa, dai lake likawekwa kando. Alijaribu tena mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, asifanikiwe. Kumbukumbu zake zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886 zilisomwa sana Ulaya, lakini zilizungumzia zaidi Unguja ya utoto wake. Khabari za maisha yake ya Ujerumani aliziandika kando, kwa mfano wa barua za kwenda nyumbani: upweke, baridi, nyumba zenye milango iliyofungwa, aibu ya kuwa mjane mgeni. Barua hizo hazikupelekwa. Alikufa Jena mwaka 1924, na maandishi hayo yakafika mikononi mwa wasomaji katika miaka ya 1990, kwa Kiingereza na Kijerumani.

Inafaa kukumbuka kwamba Salme ndiye msichana aliyejifundisha kuandika kwa siri, wakati ambapo kalamu haikuhesabiwa kuwa chombo cha mwanamke, na kalamu hiyo ndiyo iliyomwingiza mwaka 1859 katika uasi wa Barghash dhidi ya Majid, akiwa mwandishi wa barua za waasi. Basi hakushindwa na kuandika. Alichokikosa ni mtu wa upande wa pili wa kuipokea barua ya aina ile.

Hali hiyo haikuwa yake peke yake. Mwaka 1887 Berlin ilifungua chuo cha lugha za Mashariki, ambako maofisa na wafanyabiashara walisomeshwa Kiswahili kabla ya kuja pwani. Chuo kilihitaji wenye lugha, na pwani ikatoa walimu. Amur bin Nasur, Muunguja aliyefundisha huko katika miaka ya 1890, aliandika khabari zake, na C. G. Büttner akazichapa mwaka 1894. Maandishi ya namna hiyo ni hazina, lakini mtu asisahau yaliandikwa kwa ajili ya nani. Yalikuwa vitabu vya kusomeshea Wajerumani. Mwandishi alikuwa akimweleza Ulaya mwenye Ulaya wake, tena mwajiri wake akiwa msomaji wa kwanza. Kwa hivyo Waswahili walioandika mapema juu ya maisha ya ughaibuni waliandika kwa Kiswahili fasaha, ila hawakuwaandikia jamaa zao.

Mtoro bin Mwenyi Bakari, mwanachuoni wa Bagamoyo, alifika Berlin mwaka 1900 kwa kazi hiyo hiyo. Kutokana na kalamu yake Carl Velten alichapa mwaka 1903 Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho hadi leo hakuna anayeandika juu ya mila za mrima bila ya kukigusa. Kwao Mtoro alikuwa mwalimu, na mwalimu pwani huamkiwa shikamoo. Berlin alikutana na dharau ya baadhi ya wanafunzi wake. Alipoikataa, ukazuka ugomvi, na kazi ikamtoka. Mwaka 1904 alikuwa amemwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Mwaka uliofuata walipanda meli kurudi. Dar es Salaam walizuiwa kushuka, kwa kuwa serikali ya koloni haikutaka kumwona Mwafrika na mke mzungu katika ardhi iliyoitawala. Mtu akawa juu ya maji, anaiona pwani ya kwao, asiweze kuikanyaga. Wakarudishwa Ujerumani. Huko aliendelea kufundisha, Hamburg na kwengineko, akafa mwaka 1927. Aliyemtazama kutoka Bagamoyo angeweza kusema: Mtoro kanogewa na Ulaya, hataki kurudi.

Wa mwisho katika mlolongo huu ni Mahjub bin Adam Mohamed, aliyejulikana Ujerumani kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na mwenyewe akaingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto wa miaka kumi, vita vilipoanza mwaka 1914. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake ambao haukulipwa. Akajibiwa kwamba muda wa madai umekwisha. Akabaki. Alikuwa mhudumu katika ukumbi wa starehe, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika sinema nyingi, mara nyingi akipewa nafasi ya mtumishi. Mwaka 1941 alionekana katika sinema ya kumtukuza Carl Peters, yule yule ambaye watu wa bara walimwita Mkono wa Damu. Mwaka huo huo alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu mwaka 2007 jina lake limo katika kijiwe cha shaba kilichopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu jijini Berlin.

Isidhaniwe kwamba mambo hayo ni ya Ulaya na rangi peke yake. Baada ya mapinduzi ya 1964 wengi waliondoka Visiwani, na tangu mwaka 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje, maelfu walikwenda Oman. Nyumbani ikasemwa kwamba hao wamerudi kwao, basi wana raha gani ya kuelezea? Lakini wengi walifika bila ya Kiarabu cha kutosha. Watoto walianza alifu wakiwa wakubwa. Na waliokuwa wakiitwa Waarabu Unguja wakaitwa Wazinjibari Muscat. Kiswahili kilichowatambulisha kuwa wageni ndicho walichokihifadhi majumbani mwao, na barza zao zikaendelea kunukia kahawa na tangawizi.

Siku hizi barua haikai miezi baharini. Sauti na picha hufika papo hapo, na mtu angedhani kwamba ughaibu umekwisha. Lakini picha huchaguliwa. Anayelala watu wanne chumba kimoja hupiga picha mbele ya jumba asilolimiliki. Anayekosha sahani usiku huzungumza na mama yake mchana, akiwa amevaa shati safi. Si kwamba ni mwongo. Anajua swali litakaloulizwa, nalo ni: umetuma nini? Mtu hujibu alichoulizwa. Salme, mwenye kalamu kuliko wote, aliandika ukweli wake kwa msomaji wa kumdhania tu. Walimu wa Berlin waliuandika kwa waliowaajiri. Jamaa wa leo wana bahati waliyoikosa wale: aliye mbali yuko sikioni mwao. Wakimuuliza amelala vipi, amekula nini, nani anamwamkia asubuhi, kisha wakavumilia kuyasikia majibu, huenda hiyo ikawa barua ya kwanza kufika.