Jeanne Baret: mikono yake, majina ya wengine

Bogenvilia inayopanda kwenye ua wa ofisi na makanisa, ile ya zambarau, kila mtu hapa anaijua. Jina lake linatokana na Bougainville, Mfaransa aliyeongoza msafara wa meli kuzunguka dunia. Lakini je, nani aliinama akaichuma?

Jeanne Baret alizaliwa mwaka 1740 katika kijiji cha La Comelle, Ufaransa, kwenye familia maskini. Alikuwa mtunza nyumba wa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea. Commerson alipochaguliwa kusafiri na Bougainville, wanawake walikuwa wamekatazwa kwenye meli za jeshi. Basi Jeanne akavaa nguo za kiume, akajiita Jean, akapanda meli ya Étoile kama mtumishi.

Commerson alisumbuliwa na kidonda cha mguu, kwa hiyo kazi nzito ikawa ya Jeanne. Mwaka 1767 wakakusanya bogenvilia Rio de Janeiro. Kwenye theluji ya Mlango-Bahari wa Magellan, Jeanne ndiye aliyebeba chakula, silaha na makaratasi ya kuhifadhia mimea. Commerson akambandika jina: eti mnyama wa mizigo!

Mwaka 1768, huko Tahiti, siri ikafichuka. Mwaka huohuo wote wawili wakaachwa Mauritius. Commerson akafia huko 1773, na Jeanne akabaki kisiwani, mbali na kwao. Akaolewa, kisha akarudi Ufaransa. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuzunguka dunia. Mwaka 1785 serikali ikampa pensheni ya livre 200 kwa mwaka. Alifariki 1807.

Sasa tazama majina. Spishi zaidi ya 70 za viumbe zinaitwa kwa jina la Commerson. Mmea mmoja alitaka kuuita kwa jina la Jeanne, lakini halikudumu. Mpaka mwaka 2012 ndipo wanasayansi wakauita mmea wa Amerika Kusini Solanum baretiae, ndugu wa nyanya na bilinganya tunazopika.

Nawaambia mabinti ninaofanya nao kazi, hasa wale wanaotafsiri na kuonyesha njia kwa wageni wenye madaftari: kabla mgeni hajaondoka, mwombe aandike jina lako, tena kwa herufi sahihi. Jeanne alikuwa kaburini miaka 205 ndipo lake likakaa kwenye mmea.