Kwa nini programu ya C hudai imehifadhi data ilhali imepotea

LUGHA ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, ingali inatumiwa kuunda mifumo endeshi na hifadhidata. Hata hivyo, baadhi ya waundaji wa programu hupuuza jambo moja: amri ya kuandika katika faili inaweza kuleta jibu la ufanisi ilhali data haijafika kwenye diski.

Chanzo ni bafa, yaani sehemu ya kumbukumbu ambamo data huwekwa kwanza. Kwa kuwa kuuita mfumo endeshi kwa kila herufi huchelewesha kazi, amri za fprintf na fwrite hukusanya data humo, kisha ikapelekwa kwa mkupuo bafa inapojaa. Hivyo basi, iwapo diski imejaa, programu inayoandika mistari michache haitagundua hadi faili inapofungwa.

Ili kutambua kosa, yafaa kukagua mambo matatu. Kwanza, jibu la kila amri ya kuandika: fprintf huleta nambari hasi ikishindwa, nayo fwrite huleta idadi ndogo kuliko iliyoombwa. Pili, amri ya fflush, ambayo humwaga bafa, na ferror, ambayo huonyesha iwapo kosa lilitokea awali. Tatu, na ndilo husahauliwa zaidi, jibu la fclose. Likiwa EOF, huenda data imepotea. Faili hiyo isifungwe mara ya pili, kwani kufanya hivyo kwaweza kuivuruga programu yenyewe.

Hata fflush haitoshi umeme unapokatika, kwa sababu huikabidhi data kwa mfumo endeshi tu. Katika mifumo ya jamii ya Unix, fsync ndiyo huomba data iandikwe kwenye diski. Nayo ina mtego wake. Mwaka wa 2018, waundaji wa hifadhidata ya PostgreSQL walitambua kuwa katika Linux, fsync iliyoshindwa ikirudiwa yaweza kudai imefaulu ilhali data imepotea. Matoleo ya Februari 2019 yalibadilishwa ili hifadhidata isimame na kujijenga upya kutokana na kumbukumbu zake za mabadiliko.

Linux pia ina faili maalumu, /dev/full, ambayo kila anayeiandikia hujibiwa kuwa nafasi imekwisha. Programu ikielekezwa huko na kumaliza kimya kana kwamba imefaulu, ina kasoro.

Kwa rekodi muhimu kama vile mishahara, ni heri kuandika faili mpya kando, kuthibitisha kila hatua, kisha kuipa jina la ile ya zamani kwa amri ya rename. Usiache mbachao kwa msala upitao.